Kanzu ya Baba na Leso Iliyosingiziwa

Ukitaka kujua mke mgeni ana nafasi gani katika nyumba, ngoja siku kitu cha bavyaa wake kiharibike naye awe karibu. Nimeolewa katika nyumba hii ya Feri miaka mingi, nimewaona wengine wakiingia baada yangu, na nasema bila kusita: lawama za nyumba humtafuta aliyeingia mwisho. Kisa cha kanzu ya Baba nakiandika kwa sababu hiyo kwanza. Sababu ya pili ni kwamba ndani yake mna elimu ya rangi na sabuni ambayo kila mwenye beseni uani anaihitaji, na ambayo wengi wetu tunaozeeka tukifua hatujawahi kuambiwa.

Nyumba yetu iko upande wa kisiwani, nyuma ya pale matatu zinapogeuzia. Chini wanakaa Baba na Mama, yaani wakwe zangu. Sisi tuko juu yao, na chumba cha mwisho, chenye dirisha linaloangalia mkondo wa Likoni, amepewa shemeji yangu mdogo na mkewe, binti aliyeolewa majuzi kutoka Mtongwe. Honi za feri twazisikia tukiwa jikoni. Binti huyu ni mpole, ana heshima, na wakati huo alikuwa bado hajazoea nyumba: akiulizwa jambo hujibu kwa sauti ndogo, na katika nyumba yenye wasemaji hodari sauti ndogo huonekana ni ushahidi wa hatia.

Na kanzu yenyewe? Nyeupe, ya pamba nzito, shingoni na kifuani imetiwa darizi ya uzi wa hariri kwa mkono. Baba huivaa kwa nadra. Jumamosi ile aliivaa kuvukia ng'ambo, arusini Likoni, na Ijumaa iliyofuata ilikuwa aivae tena akiwa walii wa mjukuu wake. Wanaume waliketi kwenye sinia za biriani, na masala yakamdondokea kifuani, chini kidogo ya darizi. Akarudi na feri ya magharibi akiwa amelifunika doa kwa mkono. Mama alipoliona alisema tu, “Litatoka,” akaitundika kanzu nyuma ya mlango.

Asubuhi yake Mama aliishusha uani. Kanzu ya mumewe hamwachii mtu, hata mimi sijawahi kuifua. Akachukua beseni lililo karibu, akatia maji, akaloweka kifua cha kanzu, akalisugua doa kwa sabuni ya mche. Nilikuwa nimesimama mlangoni na niliona kwa macho yangu. Lile doa la manjano lilianza kugeuka hudhurungi pale sabuni ilipopita, kisha likawa jekundu, wekundu ule wa damu ya mzee. Kila Mama alipozidi kusugua ndivyo wekundu ulivyozidi kutanuka, mpaka ukagusa ncha ya darizi.

Mama akaacha mikono hewani. “Lahaula. Imechujiwa.”

Wifi yangu, aliyekuja na watoto wake kutoka Majengo, akainua macho kwenye kamba. Pale kamba ilipopinda palikuwa na leso mpya, nyekundu, yenye pindo jeusi, ingali yadondosha matone ya waridi juu ya sakafu. Ilikuwa leso ya bi arusi, yule binti wa Mtongwe. Mamake alimnunulia Biashara Street kabla ya harusi, mtaa uleule ambao mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, anayejulikana kwa alama yake ya Mali ya Abdulla, aliupatia sifa katika biashara ya leso.

“Beseni hili jana lilirowekwa nini?” wifi akauliza, na hali jibu lake alishalipata.

“Leso yangu, wifi,” bi arusi akasema. “Lakini nililisuuza.”

“Ulilisuuza, au uliyamwaga maji tu?”

“Nililisuuza.”

Mambo yakaenda mbali kuliko beseni. Wifi akalisoma jina la leso kwa sauti, akalikuta na kijembe, akauliza kijembe hicho ameletewa nani katika nyumba hii. Leso iliyonunuliwa na mama wa binti kwa mapenzi, kabla binti hajaijua hata sebule yetu, ikawa barua ya uchokozi. Binti alisimama akikunjakunja ncha ya ushungi wake. Mama hakusema neno la kumlaumu, lakini wala hakusema la kumtetea, na mtu mgeni hulisikia hilo.

Kwa haraka ya kuokoa kanzu, wifi akaleta chupa ya dawa ya kulainisha nguo, ile yenye harufu ya maua, akamimina kifuniko baada ya kifuniko katika maji yaleyale ya sabuni. Nataka mliangalie hili kwa makini. Povu lilikuwa limejaa beseni hadi ukingoni. Dawa ilipoingia, povu likafa. Halikupungua kidogokidogo, lilizama lote, na maji yakawa meupe mazito, yakielea vipande vidogo vya utando vilivyoganda kwenye vidole. Kanzu ikawa ya kuteleza mkononi, yanukia uzuri, na doa liko palepale, jekundu, tena limekaa sawasawa.

“Basi jiki,” wifi akasema.

Hapo niliingilia. Kila dawa ya klorini ya kung'arisha nguo sisi twaiita jiki, na darizi ile ni hariri. Klorini huila hariri. Huigeuza rangi kwanza, kisha huidhoofisha mpaka uzi ukakatika. Nikaomba chupa isifunguliwe, nikampigia simu binti wa dada yangu, anayesoma kemia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa kule Tudor. Alifika alasiri. Aliwaamkia wakubwa wote, shikamoo kwa shikamoo, akaketi juu ya kigoda mbele ya beseni, na swali lake la kwanza halikuwa nani alifanya nini. Aliuliza, “Babu alikula nini jana?”

Akaambiwa biriani.

“Kuna ndimu?”

Ndimu ikaletwa, akaikata, akadondosha tone moja kwenye ukingo wa doa. Wekundu ukaondoka mbele ya macho yetu. Pale tone lilipotua pakawa manjano, manjano ileile ya Jumamosi. Akasuuza, akapitisha sabuni ya mche mahali hapohapo: pakawa pekundu tena. Akadondosha ndimu: manjano. Kisha akanyanyuka, akaenda kwenye kamba, akakamulia ndimu pembe ya ile leso. Tulingoja. Leso ilibaki nyekundu vilevile. Mwisho akachukua kijiko cha manjano ya unga kutoka jikoni, akakikoroga ndani ya kikombe cha maji ya sabuni, akaniwekea mkononi nimwonyeshe Mama. Kikombe kilikuwa na damu ya mzee.

Sikuwahi kuona kesi ikikatwa kwa upesi namna hiyo. Rangi iliyokuwa katika kanzu haikutoka katika leso. Ilitoka katika sinia.

Maelezo yake nayaandika kadiri nilivyoyaelewa, maana nilimuuliza sana, hata baada ya siku ile. Rangi ya manjano yatokana na kitu kiitwacho kurkumini. Katika maji ya kawaida na katika maji ya uchachu ni ya njano. Katika maji ya alkali, yaani yenye magadi, chembe zake hupoteza haidrojeni, hupata chaji hasi, na jinsi zinavyomeza mwanga hubadilika, ndipo macho yetu yaone wekundu. Sabuni ya mche ina alkali, na sabuni ya unga ina alkali zaidi kwa sababu hutiwa magadi soda. Wakemia wa zamani walikuwa wakipaka karatasi maji ya manjano na kuitumia kupimia alkali. Ikigeuka nyekundu, wamepata jibu. Mama alipoisugua kanzu alifanya kipimo hichohicho, na kilijibu sawa. Waliolisoma jibu ndio waliokwenda upande.

Na rangi kubadilika kwa uchachu si jambo la manjano peke yake. Miaka ya 1880 mkemia Mjerumani, Paul Böttiger, alitengeneza rangi nyekundu ya kwanza ya maabara iliyoweza kushika pamba bila dawa ya kushikizia. Kampuni ya Agfa ikaiuza kwa jina la Nyekundu ya Kongo, kwa sababu wakati huo jina la Kongo lilikuwa midomoni mwa Ulaya nzima kwa ajili ya mkutano wa Berlin. Hamkuwa na chembe ya Kongo ndani yake, kama ambavyo hamkuwa na Mkongo mmoja mezani Berlin. Rangi hiyo ikiguswa na asidi hugeuka buluu, na kwa sababu hiyo haikudumu sana katika nguo, ikabaki kwa watu wa maabara. Laiti leso yetu ingetiwa rangi hiyo, ndimu ingeiumbua palepale. Rangi nyingi za leso za leo hazijali ndimu.

Sasa ile dawa ya kulainisha. Hapa ndipo binti wa dada yangu alipochangamka hasa, na ndipo mimi nilipojifunza zaidi. Chembe ya sabuni ina kichwa kipendacho maji na mkia uyakimbiao maji, upendao mafuta. Katika sabuni za kufulia, kichwa kina chaji hasi. Katika dawa ya kulainisha, kichwa kina chaji chanya, na ndiyo maana hushikamana na pamba, kwa kuwa pamba ikiwa majini ina chaji hasi. Ukizichanganya dawa hizi mbili ndani ya beseni moja, vichwa hukamatana, chaji huuana, na vyote viwili hushuka pamoja kwa utando mweupe. Povu lilikufa kwa sababu hiyo. Wifi aliondoa sabuni katika maji bila kukusudia.

Tena alifanya jambo jingine. Kurkumini ikiwa ndani ya alkali haidumu. Huvunjika yenyewe, na wekundu hupauka muda ukipita. Lakini ikishakuwa nyekundu ina chaji hasi, na chembe zenye chaji chanya huivuta na kuikumbatia. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Adelaide, Australia, walilipima jambo hili ndani ya maji yenye alkali kali sana. Katika sabuni yenye chaji hasi, kurkumini ilivunjika upesi. Katika zile zenye chaji chanya, kuvunjika huko kulizuiwa kwa karibu asilimia 90. Wao walikuwa wakitafuta namna ya kuihifadhi kurkumini, maana kuna wanaoichunguza kwa ajili ya tiba. Sisi tulikuwa tukitaka kuiangamiza, tukamiminia kilichoihifadhi.

Mama alisikiliza yote haya akiwa ameshika tama. Akauliza swali ambalo naliona ndilo lenye akili kuliko yote yaliyoulizwa siku ile: “Basi sabuni huitoaje rangi, ikiwa rangi yenyewe haipendi maji?”

Binti wa dada yangu akamwonyesha mkondo. Feri ilikuwa katikati, imejaa watu wima mpaka mlangoni. Mtu asiyejua kuogelea, alisema, havuki hapa kwa miguu yake, apanda chombo. Kurkumini haijui maji. Yayeyuka katika samli ya biriani, na samli ndiyo iliyoiingiza katika nyuzi za kanzu. Chembe za sabuni zikiwa chache majini, kila moja hutanga peke yake na hakuna chombo. Zikifika kiasi maalumu hujikusanya: mikia yote ndani, vichwa vyote nje, na pale katikati panakuwa na nafasi ya mafuta na ya rangi isiyopenda maji. Mkusanyiko huo wakemia huuita miseli. Katika sabuni moja iliyochunguzwa sana, sodiamu dodesili salfeti, miseli huanza kujijenga ikifika karibu gramu 2.3 katika lita moja ya maji safi, na kila moja hukusanya chembe kama 60 hivi. Upana wake ni nanomita chache tu, jicho haliwezi kuziona.

Na walizijuaje, ikiwa hazionekani? James William McBain, mwalimu wa kemia Bristol, alianza kulisema jambo hili mwaka 1913, na wenzake hawakumkubali kwa urahisi. Miaka ya 1940, William Harkins na wenziwe Chicago walitia rangi kidogo sana ndani ya maji ya sabuni, wakaiangalia kadiri kiasi cha sabuni kilivyobadilika. Chini ya kiasi fulani cha sabuni rangi ilikuwa namna moja, juu yake ikabadilika ghafla: miseli zimezaliwa na rangi imeshaingia ndani. Yaani rangi ndiyo iliyotoa ushahidi. Nilipoambiwa hili nilimtazama bi arusi. Alikuwa amejisogeza mpaka karibu na kigoda, na ushungi ameuacha.

Kazi ikaanza upya. Kanzu ikasuuzwa kwanza, ikasuuzwa tena, mpaka ule utelezi wa dawa ya kulainisha ulipoisha. Maji tuliyotumia ni ya mtungi, ya kununuliwa kwa mkokoteni, si ya kisima. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyake yana chokaa. Chokaa hushikana na sabuni ya mche ikaacha taka nyeupe kwenye nguo, sabuni ikaisha kabla haijafanya kazi. Kisha ndimu juu ya doa lote, mpaka wekundu wote urudi kuwa njano. Hatua hii nisingeifikiria kamwe, maana macho huona kama umerudi nyuma. Lakini kurkumini ya njano haina chaji, yapenda mafuta, kwa hiyo huingia katika miseli kwa urahisi. Ile nyekundu ina chaji hasi, na vichwa vya sabuni navyo ni hasi, husukumana. Ndimu ikasuuzwa. Ndipo ikaja sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ambayo haina alkali kali, ikamiminwa mbichi juu ya doa bila kuongezwa maji, ikasuguliwa upande wa nyuma wa kitambaa.

Lilitoka povu la njano. Bi arusi ndiye aliyekuwa akisugua. Mama mwenyewe alimpa kanzu mkononi, bila neno. Bi arusi alitaka kuongeza maji ili povu lizidi, binti wa dada yangu akamzuia. Povu lile lenye rangi lilikamuliwa likamwagwa kabisa, likaja povu jipya, likamwagwa, na maji mengi yakaja mwisho. Mantiki yake ni ileile ya chombo. Ukiongeza maji ndani ya beseni ambalo rangi ingalimo, sabuni hushuka chini ya kile kiasi chake, miseli hufumuka, na abiria wasiojua kuogelea huachwa mkondoni. Nao hushika ufuo ulio karibu, na ufuo ulio karibu ni kanzu.

Lililobaki lilikuwa kivuli cha njano. Tukakipeleka kwenye sakafu ya juu ya nyumba, tukaitandaza kanzu ingali mbichi, doa likiangalia jua. Kurkumini haiwezi jua. Mwanga huivunjavunja vipande visivyo na rangi, ndiyo maana hata manjano ya unga ukiyaweka dirishani katika chupa nyeupe hupauka. Jua la Mombasa na upepo wa pwani ya Mama Ngina vilifanya kilichokuwa kimesalia. Mama alikuwa akipanda ngazi kila mara, na magoti yake hayo, kwenda kuangalia.

Wifi hakuomba radhi siku ile. Siku ya pili yake aliingia chumba cha mwisho, akakaa na bi arusi mlango ukiwa umefungwa, na kilichosemwa mle ni chao. Ninachokijua ni kwamba Ijumaa Baba alikaa msikitini na kanzu nyeupe, darizi yake nzima, na Mama alikwenda kwa wanawake amejitanda kipande kimoja cha leso nyekundu yenye pindo jeusi. Alikiomba mwenyewe. Kipande cha pili alikuwa nacho mwenyewe binti wa Mtongwe. Wakaketi jamvi moja, na kila mwenye macho aliona.

Haki nayo ina pande mbili, na lazima niseme: leso ile ilikuwa kweli inachuja. Matone ya waridi sote tuliyaona. Leso mpya karibu zote hubakiwa na rangi ya ziada ambayo haikushika uzi, na hiyo hutoka katika mafuo ya kwanza. Mama ana dawa ya zamani, kuiloweka leso mpya katika maji ya bahari, na watu wengi wa Mombasa hutia chumvi ndani ya beseni kwa nia hiyohiyo. Nilimuuliza binti wa dada yangu kama kuna ukweli. Upo nusu. Rangi nyingi za pamba zina chaji hasi, na pamba majini ina chaji hasi; chumvi huzipunguzia nguvu za kusukumana, kwa hiyo rangi hutulia kitambaani wakati nguo iko katika maji yale. Watiaji rangi viwandani hutumia chumvi kwa sababu hiyo. Lakini chumvi haifungi kitu cha kudumu. Siku utakayoifua leso kwa maji matamu na sabuni, rangi ile ya ziada itatoka. Dawa ni kuiacha itoke, peke yake, katika beseni lake, mpaka maji yawe meupe. Na kama una shaka, kibonyeze kitambaa cheupe kilichoroweshwa juu ya pembe ya leso. Kikitoka kisafi, leso yako imeshatulia.

Kwa hiyo nakuombeni, wenye nyumba na wenye mabeseni. Doa la biriani, la mchuzi, la pilau iliyotiwa manjano, lisiguswe kwa sabuni ya mche wala ya unga mwanzo. Kama limeshakuwa jekundu, kamulieni ndimu kabla hamjamkamulia mtu maneno. Sabuni ya vyombo itiwe mbichi, povu lenye rangi limwagwe lote ndipo yaongezwe maji safi, na dawa ya kulainisha isiingie beseni moja na sabuni. Jua ni la bure. Na jiki iwekeni mbali na hariri.